Kiota kwenye Waya wa Kuanikia Nguo

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kunifikia, na kila aliyeipitisha ameitia chumvi yake. Nami nakupa kama nilivyoipokea, na chumvi yangu humo. Isome ukiwa umekaa.

Kule Tukuyu, ambako mvua haibishi hodi, palikuwa na mwanajeshi mstaafu aitwaye Ambakisye. Kazi yake jeshini ilikuwa kufundisha gwaride, na alipostaafu hakuiacha. Aliwafundisha gwaride kuku, majirani na maua. Maua ya uani kwake yalisimama kwa mistari, na ua lililotoka mstarini lilikiona cha mtema kuni. Watu wakamwita Afande, naye hakukataa.

Kila asubuhi Afande alifagia uwanja kwa ufagio wa vijiti mpaka udongo ukabaki mwekundu, mtupu. Jani likidondoka, alilifuata. Kila Jumamosi alifunga kitambaa kwenye ncha ya ufito mrefu, akaangusha utando wa buibui kwenye kenchi zote za baraza. Na nani angemlaumu? Kwetu uwanja uliofagiliwa ndio heshima ya nyumba. Mgeni huanza kukupima hapo, kabla hujamkaribisha kiti.

Mkewe aliitwa Mama Tuntufye. Huyu alikuwa mwanamke wa kupandisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni kichwani, huku anaimba. Lakini wakati wa baridi aliteleza uani na beseni la nguo, akavunjika mguu. Wakamfunga plasta, akakaa ndani. Plasta ikatolewa, akaendelea kukaa ndani.

Daktari akamvuta Afande pembeni.

"Mzee wangu, mfupa umeunga vizuri. Sasa shida ni goti. Kama mvua hizi zitaisha kabla hajaanza kutembea, litakakamaa. Na likishakakamaa, mimi sina dawa."

"Atatembea," akasema Afande. "Nitasimamia mwenyewe."

Kusema ni rahisi. Mama Tuntufye alitoka kitandani kwa mkongojo, akafika kwenye kiti cha dirishani, na safari ikaishia hapo. Mlango wa uani aliutazama kama mtu anayetazama mto uliofurika. Ukimwambia atoke, anasema kesho. Kesho ikifika, anasema kesho.

Afande akaanza na dawa aliyoijua.

"Mama Tuntufye! Simama! Mbele, tembea!"

"Mimi si kuruta wako, Baba Tuntufye."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Guu limeshavunjika. Tafuta methali nyingine."

Afande akaona amri zimegonga mwamba, akageukia bustani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, na ardhi ya Tukuyu ikipata maji, hata nguzo ya uzio inataka kuchipua. Akapanda waridi. Akapanda yungiyungi. Akainua matuta ya mchicha yaliyonyooka kama rula, akapaka chokaa mawe ya njiani, akatengeneza benchi la mbao na kulipaka rangi ya kijani. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, tusimnyime haki yake. Jasho lilimtoka, na moyoni alijiambia kwamba hakuna mke anayeweza kuona bustani hiyo akabaki ndani.

Alipomaliza akafungua dirisha kwa mikono miwili.

"Haya, njoo uone bustani yako."

Mama Tuntufye akachungulia. Akatazama mistari, mawe, benchi.

"Nzuri," akasema. "Imenyooka. Ahsante, mume wangu."

Kisha akarudi kutazama ukuta.

"Sasa mbona hutoki?"

"Nitoke nikafanye nini? Kila kitu umeshakimaliza."

Maneno hayo yalimchoma Afande, kwa kuwa hayakusemwa kwa hasira. Akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la kijani. Aliogopa. Tangu azaliwe hakuwahi kuogopa namna hiyo, kwani hapo mbele yake palikuwa na kitu ambacho sauti yake kubwa haikuweza kukisogeza hata kidogo.

Basi mtu akiishiwa maarifa huongeza juhudi. Siku iliyofuata Afande akaamua kuongeza mstari mwingine wa mawe. Akainama, akakumbatia jiwe kubwa, akanyanyuka nalo nusu. Kiuno kikagoma. Akabaki ameinama hivyo hivyo, hawezi kwenda chini wala juu, mpaka jirani yao, Mama Lusekelo, aliposikia kelele akaja na wanawe kumbeba.

Wakamlaza kwenye godoro sebuleni, mkabala na mlango wa uani. Sasa nyumba ikawa na wagonjwa wawili, mmoja kitini na mmoja sakafuni, na Mama Lusekelo akawa anawaletea chakula huku akijizuia kucheka.

Mvua ikanyesha. Mparachichi ukapukutisha majani, na hapakuwa na wa kuyafuata. Nyasi zikaota katikati ya mawe meupe. Mchicha ukatoka mstarini. Buibui, waliozoea kuhamishwa kila Jumamosi, wakatandika kenchi nzima bila wasiwasi. Afande aliyaona yote hayo kutoka sakafuni, akaugua zaidi kwa macho kuliko kwa kiuno.

Lakini chini ya majani yale kulikuwa na funza, na juu ya nyasi zile kulikuwa na mbegu. Ndege hawahitaji kuandikiwa mwaliko. Wakaja shomoro. Wakaja tetere, wawili wawili. Shorewanda akasimama juu ya benchi la kijani akapiga makelele kama aliyelinunua.

Mama Lusekelo akaingiwa na huruma.

"Shemeji, hali hii siyo. Ngoja nikufagilie, watu wasije wakatucheka."

"Mungu akubariki, shemeji," Afande akasema, karibu machozi yamtoke. "Anza na kenchi. Toa huo utando wote."

"Usiguse!"

Wote wawili wakageuka. Sauti ilitoka kitini, dirishani, na ilikuwa ya Mama Tuntufye yule wa zamani, anayeita watu kutoka bondeni.

"Kuna chozi anajenga kwenye waya wa nguo," akasema. "Yule ndege mdogo wa rangi ya vumbi, mwenye mdomo uliopinda. Tangu juzi anakuja kuchukua utando kwenye kenchi, anafungia majani makavu. Mkiufagia, atajengea nini?"

"Lakini mke wangu, wapita njia watasema."

"Waseme."

Afande alifungua kinywa. Amri ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akamtazama mkewe, akaona macho yake hayako ukutani tena. Yako nje, kwenye waya, yanamsubiri ndege. Afande akaumeza ule ulimi wake, na wanaomjua wanasema hajawahi kumeza kitu kikubwa kama kile.

"Mama Lusekelo," akasema polepole, "rudisha ufagio."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikapata habari mpya kila asubuhi. Mama Tuntufye alitangaza kutoka dirishani. Leo kiota kimekuwa mfuko. Leo amekitoboa mlango ubavuni. Leo, Baba Tuntufye, ameweka na kibaraza juu ya mlango, mvua isimwingie! Waya ukawa haujulikani tena kwamba ni wa nguo; nguo zikaanikwa kwa jirani. Dirisha likawa halitoshi, na kiti kikasogezwa mlangoni, kwa ndani.

Mayai yakaanguliwa. Chozi akawa anapita kama cherehani, anaenda, anarudi, na kila akirudi vinywa vidogo vinafunguka. Mama Tuntufye aliketi kitini hapo mlangoni na bakuli la maharage ya kuchambua, hachambui.

Sasa sikia.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imetulia, jua jepesi limetoka. Chozi ameruka kwenda kutafuta chakula. Kunguru akaja akatua juu ya nguzo ya waya. Akainamisha kichwa upande mmoja, akakitazama kile kiota. Akashuka hatua moja. Akashuka nyingine, waya ukayumba.

"We!" akapiga kelele Mama Tuntufye. "We, mwizi! Toka hapo!"

Kunguru hakumjali. Kunguru wamezoea kupigiwa kelele.

Afande, aliyekuwa ameanza kujikongoja kwa kushika kuta, alisikia bakuli likianguka. Alipofika mlangoni, kiti kilikuwa kitupu na maharage yamemwagika kote. Mkewe alikuwa amekwishavuka kizingiti. Amekwishashuka ngazi. Alikuwa katikati ya uwanja, juu ya majani yaliyolowa, pale pale alipoangukia, anakwenda mbio za kuchechemea huku anatukana kwa Kinyakyusa. Alipokaribia nguzo, akauinua mkongojo kwa mikono miwili akamrushia kunguru kwa nguvu zake zote.

Haukumpata, ila ulipita karibu ya kutosha. Kunguru akaruka akapotelea bondeni. Mkongojo ukaenda kuangukia ng'ambo ya matuta ya mchicha.

Afande alishika mwimo wa mlango. Nusura aseme "Simama hapo!" Nusura aseme "Utaanguka!" Akajishika mdomo kwa kiganja.

Mama Tuntufye alisimama anahema, anakitazama kiota. Makinda yalikuwa mazima. Vinywa vilitokeza, vikalia njaa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Kisha akaangalia mkononi mwake, hakuona kitu.

"Baba Tuntufye, mkongojo wangu uko wapi?"

"Uko kule ulikourushia," akasema Afande.

Mama Tuntufye akauangalia ule umbali. Akaangalia miguu yake. Halafu akaenda. Alikwenda polepole, goti likilalamika, akapita kati ya mchicha ule usiojua tena mstari, akainama, akauokota. Akarudi nao hadi kwenye waya, akaona pale penye kiota pamelegea. Akausimika mkongojo chini yake, akauinua waya juu, akaukandamiza udongo kwa unyayo mpaka ukashika.

Afande machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakujisumbua kuyaficha.

"Sasa mama," akauliza, "bila mkongojo, utarudije ndani?"

Mama Tuntufye alikuwa ameshalifikia benchi la kijani, anamfukuza shorewanda ili akae.

"Kwani nani amekwambia narudi ndani?"

Funzo: Furaha haiji kwa amri, wala haikai mahali palipofagiliwa kila kitu. Ukitaka kumwinua umpendaye, mwachie kitu chenye uhai cha kukipenda, kisha uwe na ujasiri wa kunyamaza.