Tiketi na Mizigo

Mwanahawa alitunza programu ya mabasi ya Bwana Shekiondo, tajiri wa Korogwe aliyetafuta kisingizio cha kumfukuza ili kazi aipate mpwa wake.

Asubuhi moja umeme ulikatika, na uliporudi programu ikagoma kuwaka. Sehemu ya tiketi ilisubiri sehemu ya mizigo iwake kwanza, na ya mizigo ilisubiri ya tiketi. Abiria wakaanza kupiga kelele stendi.

“Iwake kabla ya saa sita,” alisema Bwana Shekiondo. “Lakini sehemu hizo mbili kaziandika mpwa wangu. Ukigusa hata herufi moja, huna kazi.”

“Nisiguse ya tiketi wala ya mizigo?”

“Hata nukta!”

“Sawa, mzee.”

Mpwa, aliyekuwa amesimama karibu, alicheka. Mwanahawa akaketi, akaandika mistari michache pembeni, na mashine ikaanza kutoa tiketi. Mpwa akachukua kiti cha Mwanahawa, akazikagua sehemu zake asione kilichobadilika.

“Umefanyaje?” aliuliza tajiri.

“Nimeongeza sehemu ya tatu, kazi yake kusema uongo. Imeiambia tiketi kwamba mizigo imeshaamka, ikaiambia mizigo kwamba tiketi imeshaamka. Zilipokuja kugundua, zote zilikuwa macho.”

“Vizuri. Mwachie mpwa wangu huyo mwongo, nawe uende zako.”

“Namwachia, mzee. Ila umeme ukikatika tena, mwongo huyu haamki bila neno la siri.”

“Neno gani?”

“Hilo naondoka nalo.”

Bwana Shekiondo aliwatazama abiria dirishani, kisha akamgeukia mpwa wake. “Inuka hapo, baba. Mpishe dada yako akae.”