Sipewi Mimi

Bisheni. Nawaruhusu. Najua wengine mmekuja leo kumtazama kijana aliyeacha shule darasa la sita atajikwaa wapi, na mzee wa kanisa pale mbele ameshakunja mikono. Kunja tu, baba. Mimi nawaambia yuko mtu aliyepewa kitu bure, alichokililia miaka, akakikataa, na kukataa kwake kukamuua mtu mwingine. Mtasema hakuna mjinga wa hivyo duniani. Haya, bisheni, tutaonana mwisho.

Kulikuwa na fundi magari mmoja, mwenye gereji yake, huko juu kwenye mashamba ya chai ambako mvua ya alasiri haipigi hodi. Huyu alipenda gofu kuliko usingizi. Msicheke! Mnadhani gofu ni ya mawaziri tu? Hata fundi akinawa grisi anapiga. Mpinzani wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole mwenye mkono mzuri. Kila mwaka wanafika fainali hao wawili, na kila mwaka shemeji anashinda. Pale klabuni kuna ubao mkubwa, majina ya washindi yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Jina la shemeji lilijaa mpaka linachosha macho. La fundi, hakuna. Akila ugali anauona ubao. Akifumba macho anauona ubao.

Mwaka ule wakafika shimo la mwisho fundi akiwa mbele. Mpira wake umelala karibu na shimo, pa kusukuma tu kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Ndipo ngurumo ikaja kutoka mlimani.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia lori la chai."

"Lori gani linapita juu ya mawingu? Twende ndani."

Wabeba mifuko ya fimbo za gofu walishatimua mbio. Watazamaji wamejaa ndani ya klabu, pua kwenye vioo vya madirisha. Na fundi anafanya nini? Anavua sweta lake jekundu, analisokomeza kwenye mfuko.

"Radi inafuata nyekundu. Nimeshavua. Tulia sasa."

"Na kioo cha kabati la dada umekifunika?" shemeji akamcheka, yeye aliyevaa nyeupe tupu mpaka soksi. Kisha kicheko kikamwisha, maana uwanja mzima ulimulikwa.

Sasa sikilizeni. Kwenye gofu ipo desturi. Mpira wa mwenzako ukiwa karibu kabisa na shimo, waweza kumwambia "nimekupa", na hapo hapo unahesabiwa umeingia. Hapigi tena. Hakuna wa kubisha.

Shemeji akamtazama, akasema, "Nimekupa. Umeshaingia huo. Kombe lako, ubao wako. Twende nyumbani, dada ametupikia."

Badala ya kufurahi, fundi akahisi amepigwa kofi. Kupewa? Leo? "Sipewi mimi! Nataka wausikie ukidondoka. Ukinipa, utanitangaza mpaka siku ya msiba wangu kwamba ulinihurumia."

"Naapa sitamwambia mtu. Hata dada sitamwambia."

"Nishikie bendera."

Bendera ni ile inayosimama shimoni kuonyesha lilipo. Pale klabuni mti wake ulikuwa wa chuma. Asiyepiga huing'oa, akasimama nayo pembeni. Shemeji alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. Angekwenda zake, nani angemlaumu? Lakini utamwachaje mume wa dada yako mvuani peke yake? Akarudi. Akaing'oa bendera, maji yakimtiririka kwenye nyusi.

"Haya, piga basi, mkaidi wewe."

Fundi akapiga.

Alichokumbuka baadaye ni weupe tu, kisha nyasi mdomoni na masikio yanayolia. Alipoinua kichwa, shemeji amelala ubavu kama mtu aliyepitiwa na usingizi, bendera juu ya miguu yake. Fundi akatambaa mpaka pale, akanyoosha mkono, akaurudisha. Tangu utoto aliambiwa aliyepigwa na radi haguswi. Uongo huo, jamani! Anaguswa! Anakandamizwa kifua, anapuliziwa pumzi, anakimbizwa hospitali. Mkono wa fundi ulibaki hewani mpaka watu wakaja, na walipokuja hapakuwa na cha kukimbiza. Sweta jekundu lilikuwa kavu mfukoni.

Na ile ahadi? Shemeji aliitimiza. Hakumwambia mtu. Hata dada hakumwambia. Aliyekwenda kumwambia dada ni fundi, na mkewe alimwuliza jambo moja tu: "Mlikuwa mnasubiri nini?"

Si mlikuwa mnacheka gofu? Sisi je? Ngurumo inasikika, sisi tunamalizia tuta moja, goli moja, kisha tunakimbilia chini ya mti. Ukisikia ngurumo, toka uwanjani! Ingia nyumba yenye kuta, ingia ndani ya gari, ukae humo mpaka inyamaze. Hilo hata mimi wa darasa la sita nalijua.

Lakini iko ngurumo nyingine. Mungu anatuambia, nimekupa. Sisi tunajibu, sipewi mimi, nataka nipige mwenyewe watu wasikie. Mkeo anasema nimekusamehe, yaishe. Wewe unataka kwanza ushinde maneno. Unadhani ukaidi wako unasimama mvuani peke yake? Anayekupenda ndiye aliyerudi. Tazama pembeni, ndugu yangu. Nani amekushikia bendera?

Ipo sehemu niliyoiruka. Niliwaficha makusudi, kwa kuwa nawajua: ningeisema mapema, kuna mtu hapa angesema moyoni, ah, afadhali hata hivyo.

Mpira uliingia. Mtunza nyasi aliukuta kesho yake shimoni, umezama majini. Jina la fundi liko ubaoni, kwa rangi ya dhahabu, chini ya jina la shemeji yake, na fundi akienda klabuni huingia kwa mlango wa jikoni ili asiupite ubao.

Mpira uliingia, wapendwa. Lakini ulikuwa umeshaingia.