Paka Aliyemwinua Sultani Kitini

Kataa kuamini, ndugu, mdomo ni wako. Ila ukikataa, kataa kimya kimya, maana wenzako wanataka kusikia. Hapo zamani, umeme ulipokuwa umekwisha kuingia mjini na masultani bado hawajatoka, palikuwa na sultani katika mji wa Kivundo, jina lake Badawi, naye alikuwa mtunzi wa mashairi. Mashairi yenyewe, Mungu atusamehe, yalikuwa kama wali wenye mchanga: unatafuna kwa adabu tu. Basi kila Ijumaa alasiri akayaghani barazani, na kila Ijumaa wasikilizaji wakapungua, hata ikawa wamebaki waziri, ambaye analipwa, na babu mmoja kiziwi.

"Watu wangu wako wapi?" akauliza Sultani.

"Wako kibandani kwa Vuai, Bwana wangu. Wanacheza gemu."

Huyo Vuai alikuwa fukara ambaye mali yake yote ilikuwa televisheni moja yenye ufa, mashine moja ya gemu, na mdomo. Basi akaletwa, yeye na vyombo vyake, na nusu ya mji nyuma yake.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "waniibia wasikilizaji kwa mchezo wa kitoto. Mashine hii itatupwa chooni, nawe utaponda kokoto mwaka mzima."

"Bwana wangu, hii ni sanaa," akajibu Vuai, "kama mashairi yako." Hapo akauma mdomo asicheke.

"Sanaa! Sanaa humwinua mtu kitini! Mimi nimesikiliza waimbaji miaka arobaini, sijapata kuinuka hata kwa mmoja. Haya, mchezo wako uniinue kabla ya adhana ya magharibi, bila mtu kunigusa, wala kuniita, wala kunitisha. Ukiniinua, ni sanaa. Usiponiinua, chooni."

Watu wakahuzunika, kwani Sultani yule hata panya alipompita miguuni katika arusi ya bintiye, hakuinuka.

Vuai akawasha mashine, akakaa chini, akashika pedi ya kuchezea. Kiooni akatokea paka kajitwika mtungi, anampelekea maji mama yake mgonjwa, na mbele yake pana shimo. Paka akaruka. Chubwi! Akaanza upya. Chubwi! Sultani alikuwa akitazama dari. Mara ya kumi akatazama kioo. Mara ya ishirini ikawa kila paka akiruka, bega la Sultani nalo linaruka.

"Mbona waruka mapema?" akanong'ona.

Chubwi!

"Ngoja afike ukingoni, we!"

Chubwi!

"Mama wa watu anakufa kwa kiu nawe wachezea shimo! Lete hapa, bahau wee!" Na Sultani akachupa kutoka kitini, kilemba upande, akampokonya pedi.

Ndipo Bi Mwanahija, mwimbaji mkuu wa taarabu, akapiga kigelegele. "Ameinuka! Na mila yetu Bwana waijua: anayeinuka mbele ya msanii harudi kitini mpaka ametunza."

"Nimeinuka kwa hasira mimi, si kwa kupendezwa!"

"Lo! Bwana wangu, nusu ya wanaonitunza huinuka kwa hasira ya mke mwenza. Sijamrudishia mtu tuzo yake hata siku moja."

Sultani alikuwa keshaanza kuvuka shimo. Paka akatua ng'ambo, mama akanywa maji, naye Sultani akapangusa macho kwa ncha ya kilemba, akidai ni vumbi. Kisha akavua joho lake la zari, akamvika Vuai, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ni sanaa, shetani wee. Nenda na mashine yako. Na kuanzia Ijumaa, baraza lihamie kibandani kwako. Nitaghani shairi moja kabla ya mchezo."

"Fupi, Bwana wangu?"

"Fupi."

Mji mzima ukamsifu Vuai kwa werevu wa kushindwa makusudi, naye akazunguka sokoni na joho lake akijisifu hivyo hivyo, nami ningekuachia hapo hapo. Lakini kuna kijipande nimekiruka, na kinaniwasha ulimi. Alasiri ile Vuai hakuwa akijifanya. Alicheza kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka mgongoni. Na lile shimo, ndugu yangu, hajalivuka hata leo.