Firigisi ya Waliofufua Kompyuta

Hadithi imeshapakuliwa, sogeeni mnawe.

Palikuwa na majirani watatu mjini Korogwe. Mbelwa, fundi redio, alikuwa na sikio. Mwajabu, mpambaji wa hina, alikuwa na mkono usiotetemeka. Semboja alikuwa na stoo tu, maana hakuwahi kutupa kitu.

Bi Mwantumu, mjane wa mtaa huo, aliishi kwa kudarizi. Cherehani yake iliongozwa na kompyuta kuukuu ya mezani. Harusi ya mjukuu wake ikiwa imekaribia, gauni limedariziwa nusu, kompyuta ikafa. Mtoto aliyemlea tangu mchanga angeolewa kavaa gauni la kuazima!

Wengi walisema anunue mpya. Mbelwa akatega sikio.

"Feni inazunguka, umeme upo. Kilichokufa ni prosesa, ubongo wake. Usinunue mpya, bibi. Cherehani hii haielewani na za kisasa. Tafuta prosesa ya rika lake: viini viwili, kasi ya gigahezi mbili hivi, na ya kuchomeka kwenye soketi ileile."

Madukani hazikuwapo tena. Semboja alizama stooni, akatoka mweupe kwa vumbi, mikono mitupu. Basi akaifungua kompyuta yake mwenyewe, ya rika lilelile, aliyochezea bao kila jioni, akaing'oa prosesa.

"Chukua, bibi. Kiini kimoja kisome ua, kingine kiamrishe sindano."

Kwa haraka zake akaidondosha. Vijipini vya chini yake, vyembamba kama unywele, vikalala. Mbelwa alijaribu kunyoosha kimoja, jasho likamtoka, akaacha. Mwajabu akavinyoosha vyote kwa sindano, asivunje hata kimoja. Akapaka dawa ya kupozea, maana prosesa zile hupata moto kama pasi, akafunga feni. Kompyuta ikaamka, ua likaendelea pale lilipokatikia.

Mjukuu aliolewa kavaa gauni lake. Bi Mwantumu alilia kwa shukrani mbele za watu, kisha akachinja jogoo, akawaita wote watatu.

Kwake, firigisi hupewa mtu mmoja wa heshima, na haikatwi. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Tangu azikwe, alikuwa akimpa paka.

"Bila mimi ungenunua mpya," Mbelwa alisema, akisogeza sahani.

"Ungetia nini ndani? Bao langu nalikosa mpaka leo!" alisema Semboja.

Mwajabu akacheka. "Ulichotoa ulikidondosha mwenyewe, kaka. Nani alikiponya?"

Bi Mwantumu alisimama na upawa mkononi, akiwatazama watu aliowapenda sawasawa. Miaka yote hakuwa na wa kumpa; leo wamezidi. Alimshukuru Mungu kwa shida tamu kama hiyo, lakini firigisi ilikuwa moja, na wali ulikuwa unapoa.

Je, wewe ungempakulia nani?