Ukurasa Mmoja, Jina Moja

Sogeeni. Fumbo hili nimelipeleka kwenye misiba miwili na harusi tano, hakuna aliyelifumbua, hata yule mwalimu mwenye miwani mbili.

Pangani walikuwapo wasomaji watatu wa malenga mmoja, Mzamili. Mtoro, fundi baiskeli, alimpenda mpaka kulia. Shairi lililomliza halikumtoka kichwani tena. Chausiku aliyaimba mashairi yake harusini. Shairi akishalitia sauti, limemganda kichwani. Saumu, mshona kofia, hakulia wala hakuimba. Kila Jumapili alisoma shairi la Mzamili gazetini mpaka nukta ya mwisho, akasema, "Si baya," akalikata, akalitia kwenye bati la biskuti. Akiulizwa anajisumbulia nini, alijibu kwamba mtu akihangaika vile na vina, heshima yake ni kusomwa mpaka mwisho.

Mwaka ule mchwa wakaingia sandukuni kwa Mzamili, wakala daftari zima. Mashairi thelathini ya kitabu, na mchapishaji alishampa mwezi mmoja tu.

Mtoro akaja, akafumba macho, akatoa kumi, machozi yakimtiririka.

Chausiku akaja na kumi, ila kila moja lazima aimbe tangu mwanzo. Ukimkatiza, anarudi kwenye kibwagizo.

Saumu akaja na bati lake. Kumi yaliyobaki yalikuwamo, yale ambayo hata Mzamili mwenyewe alishayasahau, na pembeni penseli imeandika: hapa ulichoka, hapa unachechemea. Mzamili akanuna siku mbili. Ya tatu akayarekebisha yote.

Ukabaki ukurasa wa tabaruku, ule wa kumtunukia mtu kitabu. Kwa kina Mzamili, malenga tangu babu, tabaruku hubeba jina moja tu. Na Saumu alilitaka liwe lake. Miaka ishirini kofia zake zinavaliwa na mabwana harusi, hakuna hata moja yenye jina lake.

Mzamili akamfuata barazani. "Dada Saumu, sema mara moja tu kwamba unayapenda. Ukurasa ni wako."

Saumu akaichomoa sindano kwenye kofia. Akaiweka chini.

"Kaka Mzamili, nakuheshimu. Ndiyo maana sisemi."

"Hata moja?"

"Lile la mvua limekaribia."

Mzamili akaondoka. Mtoro anadai bila mapenzi hakuna kitabu. Chausiku anadai bila sauti mashairi yangefia karatasini. Saumu hadai kitu, anashona. Mchapishaji anasubiri, na kalamu imesimama juu ya ukurasa mweupe.

Mimi jibu ninalo, tena tamu, lakini nikilitoa mtaniibia. Je, wewe ungeandika jina la nani?