Mmea wa Majini

Mpenda maji hakuomba tope.

Mmelisikia neno hilo mchana huu bwaloni, mpishi alipomwambia mwenzenu aliyeuzamisha wali wake katika mchuzi hadi ukaelea, nanyi mkacheka kama watu wanaoelewa. Sasa mmekuja kuuliza lilikotoka. Kaeni vizuri basi, na anayetaka kukohoa akohoe kabisa. Methali haidondoki kutoka mbinguni. Kila moja ilimponyoka mtu mdomoni siku fulani, na hii ilianzia katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Muheza, mwaka ambao masika ilikuja ikasahau kuaga.

Matroni wa shule hiyo alikuwa Bi. Kidawa, mwanamke mpole aliyeweza kunusa kitumbua kilichofichwa chini ya godoro akiwa bado yuko ngazini. Chumbani mwake alikuwa na chungu kimoja chenye kangaga, mmea wa majani mapana yanayong'aa, yaliyojipanga mviringo kama kiota cha ndege mkubwa. Siku alipoitwa Pangani kumuuguza dada yake, alimwita Mwantumu wa kidato cha pili, msichana asiyesahau kitu, akamwambia huku mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango:

"Nakuachia huyu, mwanangu. Ni wa majini huyu, nilimtoa kwenye maporomoko kule milimani. Asikauke. Narudi baada ya wiki tatu."

"Sawa, Bi," alisema Mwantumu, akaubeba mmea hadi bwenini na kuuweka dirishani, karibu na kitanda chake.

Jambo lingeishia hapo kama nyuma yake hangesimama Nakijwa, rafiki yake wa kitanda cha juu, binti wa Kipare mwenye uso wa matanga na moyo wa harusi.

"Umesikia alivyosema?" Nakijwa alinong'ona. "Kasema wa majini."

"Ndiyo. Anaota majini, penye maji."

"Maji hayatajwi kwa sauti ya chini vile, mwenzangu. Wapo majini wengine, wale wa kupanda kichwani. Na kangoja mguu uwe nje ndipo akakutupia."

Mwantumu alicheka. Kicheko hicho kilidumu mpaka alipoumwagilia mmea, maji yakapita moja kwa moja na kutokea chini ya chungu. Akauchunguza udongo. Kwa macho yake haukuwa udongo. Yalikuwa makapi: majani yaliyooza, nyuzi za makumbi ya nazi, na vipande vya mkaa. Kwao Handeni udongo mwema ni mweusi, mzito, unaoshika jembe. Mtu mzima anapandaje mmea katika takataka, tena zenye mkaa, kama si mambo ya waganga?

"Mkaa!" alisema Nakijwa alipoonyeshwa. "Kilichobaki ni ubani tu. Maskini majini wa watu, wamewekwa ugenini. Jini hutaka tope la kwao. Ukimnyima atahama, na jini akikosa chungu hutafuta kichwa."

Aliyasema hayo huku akikata kucha. Kwake ulikuwa mzaha wa Ijumaa, na kufikia Jumamosi angekuwa ameusahau. Lakini mwaka uliotangulia Mwantumu alimwona msichana wa darasa lake akibebwa na watu sita, akinguruma kwa sauti ya kiume, na msichana yule hakurudi shuleni tena. Mwantumu hakutaka kuwa wa pili.

Jumamosi adhuhuri alichukua ndoo akaenda kwenye bwawa lililokuwa nyuma ya kiwanda cha zamani cha mkonge. Hapo hakuoga mtu wala hakuvua mtu, na kila mpishi wa shule alikuwa na sababu yake ya kulipita mbio. Alichota tope jeusi, zito, linalonata, lenye harufu ya yai viza. Akayamwaga yale makapi, akaushika mmea kwa heshima zote, akaujazia tope na kulishindilia kwa ngumi. Akamimina maji. Safari hii hayakushuka. Yalituama juu, yakamtazama.

"Haya, mmefika kwenu," alinong'ona. "Mimi niacheni."

Siku ya nne majani yakanyong'onyea. Mwantumu akadhani ni kiu, akaongeza maji. Siku ya saba yakageuka manjano, akaongeza tena. Siku ya kumi, moyo wa kile kiota ukawa mweusi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, wenzake walikuwa kwayani na madrasani, na mvua ilikuwa ikichapa bati. Alikuwa peke yake akifanya hesabu. Akasikia: blup.

Akainua kichwa. Juu ya tope palikuwa pakiumuka povu, taratibu, likavimba kama jicho linalofumbuka, likapasuka. Uvundo ukamfikia. Akangoja. Blup. Chungu kilikuwa kinapumua. Alihesabu kutoka pumzi moja hadi nyingine, na kabla hajafika ya tano aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipumua pamoja nacho.

Kesho yake vikatoka visubi vyeusi, vidogo kama nukta, vikatua kwenye daftari lake na kuzunguka sikio lake. Nakijwa alipoona rafiki yake amekuwa wa rangi ya majivu, aliinama juu ya chungu ili amalize mchezo.

"Mbona hamna ki..."

Blup, chini ya pua yake. Mzaha ukamfia mdomoni.

"Mwantumu, nilitunga," alisema akirudi nyuma. "Haki ya Mungu nilitunga yote!"

"Basi kinachopumua humo ni nini?"

 Nakijwa alilikamata godoro lake, akalihamishia upande wa pili wa bweni kabla ya saa kumi.

Tangu hapo Mwantumu aliacha kusema. Kichwa kilikuwa kizito, sikio likilia, na hofu yake ilikuwa moja: akifungua mdomo itatoka sauti ya kiume. Darasani alijibu kwa kuandika ubaoni. Chakula alikisukuma kando, maana kutafuna nako ni kufungua mdomo. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu alifunga sanduku lake la bati ili akaanguke kwao, mbele ya mama yake, wala si mbele ya shule nzima.

Alikuwa ameketi juu ya sanduku hilo, midomo ameibana, Bi. Kidawa alipoingia na mwavuli unaotiririka maji.

Sasa fikirini ninyi wenyewe. Mtu mzima amekuja kutoka safari, amesimama mbele yako, anangoja. Mwantumu alibana midomo. Bi. Kidawa akazidi kumtazama. Walikuwapo majini wa bwawani, na yalikuwapo malezi ya miaka kumi na mitano, vikavutana kooni mwa mtoto yule, na malezi yakashinda.

"Shikamoo, Bi."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye mafua kidogo. Machozi yakamtoka.

"Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi?"

"Wamekasirika, Bi. Nimewarudisha kwao, na bado wamekasirika."

"Akina nani?"

"Majini."

Bi. Kidawa hakucheka. Alikiendea chungu, akanusa, akatandika gazeti sakafuni na kukipindua. Tope likatoka zima, kama tofali. Alipolivunja, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ikiteleza vidoleni kama tambi zilizolala.

"Ulilitoa wapi hili?"

"Bwawani kwenye mkonge. Si ulisema ni wa majini?"

"Nilisema wa majini, penye maji! Huko maporomokoni hujishika mwambani, juu ya majani yaliyooza. Maji humpitia kutwa nzima, yakaenda zake. Mizizi inakunywa, na inapumua. Wewe umemzika mzima. Na hayo mapovu ni uvundo wa tope lisilopata hewa, hakuna zaidi." Akajifuta mikono. "Mpenda maji hakuomba tope, mwanangu."

"Na mkaa?"

"Kupunguza uvundo."

"Na kichwa changu, Bi? Kizito."

"Kichwa chako kina njaa. Umekula lini?"

Nakijwa, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alitumwa jikoni akalete uji, kisha akaokote majani makavu na makumbi. Hakuwahi kutii haraka vile maishani mwake. Walikata mizizi iliyooza, ukabaki mmoja tu mweupe, mfupi kama kidole gumba. Waliupanda huo, na kwa wiki nyingi hakuna aliyejua kama utashika. Ulishika.

Mngedhani neno lile lingebaki kwenye chungu. Lakini Nakijwa alikuwa na deni la moyo. Mwantumu alimwomba asimwache peke yake, maana hofu haitoki siku moja, na Nakijwa alikubali kwa nguvu zake zote. Alimfuata darasani, bombani, maktabani. Alimsomea Zaburi juu ya uji mpaka ukapoa. Kila baada ya muda mfupi aliuliza, "Kichwa je?" Jioni moja ya wiki ya pili Mwantumu aligeuka kwenye mlango wa bafu, akakuta pua ya Nakijwa iko begani mwake.

"Nakijwa."

"Naam, mpenzi? Kichwa?"

"Mpenda maji hakuomba tope."

 Nakijwa akarudi nyuma hatua tatu, akafikiri, akaongeza mbili. Mwantumu akafunga mlango, akavuta pumzi ndefu, ya kwake peke yake.

Wasichana waliokuwa kwenye foleni walisikia, wakalibeba, na tangu siku hiyo kila anayemsonga mtu kwa kile kile alichoombwa huambiwa hivyo, kwa upole au kwa ukali: mpenda maji hakuomba tope.