Siku Mzee Kapaya Alipopanda Tena

Asali ya uzeeni hurinwa ungali juu.

Nilimjibu hivyo mjukuu wangu Shija alipokuja kulalamika kwamba mshahara wake wa kwanza umekatwa fungu la mfuko wa pensheni, na yeye bado kijana, hana hata unywele mmoja mweupe. Dada yake Limi akacheka, akaniuliza, "Bibi, asali na mshahara vinakutana wapi? Na huko juu ni juu ya nini?" Nikawaambia wakae. Methali hii haikuletwa na wageni. Ilizaliwa hapa hapa kwetu, juu ya mti, na aliyeitamka kwanza alikuwa babu yangu mzaa mama. Ilikuwa hivi.

Wakati huo kijiji chetu kiliishi kwa asali. Kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa na mizinga yake msituni, magogo yaliyochongwa yakatobolewa, yakatundikwa juu kabisa ya miti ambako nyegere hafiki. Kurina kulitaka mikono ya kushika na magoti ya kubana. Siku magoti yalipokataa, mtu alikuja mbele ya wenzake, akaikata kamba yake ya kupandia vipande viwili, akasema, "Nimeshuka." Hakupanda tena. Kuanzia hapo, kila msimu, kila mpandaji alimtolea kibuyu kimoja cha asali mpaka Mungu amchukue. Kibuyu hicho ndicho kilikuwa chumvi yake, nguo yake na mtama wake wa kiangazi.

Mila hiyo haikumuumiza mtu, kwa sababu walioshuka hawakukawia duniani. Homa iliwachukua, au maji ya bwawa, au kifua wakati wa baridi. Misimu miwili, mitatu, basi, watu wanakwenda kuzika.

Babu yangu aliitwa Kapaya. Wanasema hakukuwa na mpandaji kama yeye. Magoti yake yalipoanza kulia, alifanya kama baba yake alivyofanya. Aliigawa mizinga yake yote kwa wanawe wawili. Akachinja fahali wake, akafungua mitungi yote ya asali aliyokuwa nayo ndani, akaita kijiji kizima kula na kunywa. Mkewe, aliyekuwa hai bado, alimnong'oneza abakize hata mtungi mmoja.

"Wa nini?" Kapaya akamwuliza. "Baba yangu alikula misimu miwili baada ya kushuka. Mimi nikila mitatu nitakuwa nimemzidi."

Kumbe dunia ilikuwa inageuka na yeye hajui. Mwaka uleule zahanati ilifunguliwa ng'ambo ya mto. Mwaka uliofuata kikachimbwa kisima, watu wakaacha kuchota bwawani. Baridi ilipokuja, Kapaya alishikwa na kifua kilekile kilichomuua baba yake. Wakambeba kwa machela, akachomwa sindano, na kabla ya juma kwisha alikuwa ameketi kitandani akiuliza kama kuna ugali.

Misimu mitatu ikapita. Ikapita mitano. Mkewe akafariki, lakini Kapaya alikuwepo, na wazee wenziwe walikuwepo. Wanawe wale wawili wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wasirudi, na mizinga aliyowaachia ikabaki mitini bila mtu wa kuitazama. Vijana wengine nao wakaondoka. Ikafika mahali walioshuka wakawa wengi kuliko wanaopanda, na nyuki ni walewale.

Aliyebaki karibu na Kapaya ni binti yake Nyamizi, yaani mama yangu, na mumewe Mihayo, baba yangu. Mihayo alikuwa mpandaji. Alimheshimu mkwewe kama mila ilivyotaka: hakukaa naye mkeka mmoja, hakumgusa, na walipokutana njiani alikuwa anapisha na kuangalia chini.

Sasa ukaja msimu mbaya. Mvua zilichelewa, maua ya miti yakapukutika kabla nyuki hawajashiba. Siku ya kugawana, wapandaji walikusanyika uwanjani na vibuyu vichache. Walipokwisha kuwatolea wazee, wengine hawakubakiwa na cha kupeleka nyumbani. Palikuwa na kijana mmoja, Lubeja, ambaye mkewe alikuwa amejifungua siku hizo. Aliinua kibuyu chake, akakitikisa, akasikia hakuna kitu ndani. Akasema kwa sauti, watu wote wakisikia:

"Hawa wazee wanakula na miaka yetu. Mtu wa kawaida haishi hivi."

Wajukuu zangu, mnajua neno kama hilo linaelekea wapi katika nchi yetu. Linaanza mdomoni kwa mtu mmoja mwenye njaa, na linaishia kwenye paa la nyumba ya mzee, moto unawaka. Hakuna aliyemkanya Lubeja, na hilo ndilo lililomwumiza Kapaya kuliko neno lenyewe. Alikiweka chini kibuyu alichopewa. Akainuka taratibu kwa fimbo yake, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Nyamizi alimpelekea uji. Akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Akatazama nyuma ya nyumba, ng'ombe alikuwa anazurura, kamba aliyofungiwa haipo. Mama aliniambia kwamba bakuli la uji lilimponyoka, wala hakulisikia likivunjika. Alikimbia mpaka kwa mumewe.

"Baba hayupo," akasema. "Na kamba ya ng'ombe haipo."

Wote wawili waliwaza jambo moja, na hakuna aliyetaka kulitamka. Wakaingia msituni wakiita. Majirani waliosikia wakawafuata, na miongoni mwao alikuwa Lubeja, uso umemkauka, hamtazami mtu. Walitafuta chini ya kila mti mkubwa, na kila walipoukaribia mti Nyamizi alifumba macho mpaka mumewe aseme, "Siyo hapa, twende."

Walipoufikia mninga uliokuwa na mzinga wa zamani wa Kapaya, Mihayo aliona mwenge wa moshi umeanguka kwenye majani, umezimika. Akainua macho. Juu kabisa, kwenye panda, palikuwa na miguu miwili myembamba inaning'inia. Halafu mguu mmoja ukajikuna kwa mwingine.

"Baba!" Mihayo akapiga kelele.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mihayo!"

"Rudi nyumbani. Mimi narina."

Nyamizi alikaa chini kwenye majani palepale, akalia na kucheka kwa pamoja, kanga mdomoni.

"Unarina na nini, Baba? Mwenge wako uko huku chini."

Kisha sauti ikasema, "Basi nashuka."

"Shuka, Baba."

"Magoti hayataki."

Lubeja alikuwa ameshapiga magoti, anauwasha ule mwenge, moshi upande na kuwatuliza nyuki. Mihayo akajifunga kamba yake akaanza kupanda. Alipofika karibu, mzee alimwinulia mkono kumzuia.

"Mihayo, mimi ni mkweo. Hatugusani."

"Mila itanisamehe, Baba. Nyamizi hatanisamehe."

Akamkumbatia, akazungusha kamba viunoni mwao wote wawili, akaikaza. Mzee alikuwa amevimba shavu na mikono kwa kuumwa na nyuki, na mwili wote unamtetemeka. Hawakuweza kushuka hivyo. Ikabidi wakae pale kwenye panda, mtu na mkwewe, bega kwa bega, wangoje mpaka miguu itulie.

"Nilitaka wajue kwamba sili cha mtu," Kapaya akasema.

"Tulidhani umekwenda kufanya jambo baya."

Mzee akamgeukia, akashangaa kweli. "Mimi? Na jinsi ninavyopenda kula?" Mihayo akacheka mpaka tawi likatikisika. Kisha Kapaya akautazama msitu ambao alikuwa hajauona kutoka juu kwa miaka mingi.

"Kuishi sikuomba," akasema. "Nimepewa tu, na nashukuru. Kosa langu ni kwamba nilijipimia umri wa baba yangu. Nilipokuwa nakaa hapa, panda hii hii, nina magoti na nina mikono, asali ilikuwa inanichuruzika viganjani. Ningetenga kidogo kila msimu nisingeona hata upungufu wake. Lakini sikuwaza kwamba nitashuka na tumbo litashuka pamoja nami. Asali ya uzeeni hurinwa ungali juu, Mihayo. Mimi nimekuja kuirina nikiwa nimeshashuka, na umeona mwenyewe."

Mihayo aliitazama mikono yake. "Na mimi sijatenga, Baba. Hata kibuyu kimoja."

"Wewe bado uko juu," Kapaya akasema. "Haya, nishushe. Njaa inaniuma."

Wakashuka polepole, hatua moja, pumziko, hatua nyingine. Mguu wa mzee ulipokaribia chini, Lubeja alitoa bega lake akaukanyagisha hapo. Mzee alipokanyaga ardhi, Nyamizi alimkumbatia, kisha akaanza kumgombeza, kisha akamkumbatia tena. Lubeja akapiga magoti.

"Mzee wangu, ulimi wangu ulitangulia akili."

"Ulikuwa na njaa," Kapaya akamwambia. "Nimekusamehe. Lakini neno lile ni moto. Usiliweke tena kwenye paa la mtu."

Siku chache baadaye watu wote wakaitwa uwanjani, wanaopanda na walioshuka, wanawake kwa wanaume. Mihayo, ambaye hakuwa msemaji, alisimama akaeleza alichokisikia juu ya mti. Akapendekeza kwamba kila mpandaji, tangu msimu wake wa kwanza, atenge fungu la asali kabla hajafika nyumbani, kabla watoto hawajaiona. Litiwe kwenye mitungi, mitungi izibwe kwa nta, iwekwe katika nyumba moja ya wote. Asali haiozi. Itamngoja mwenyewe mpaka akate kamba.

Wakabishana sana. Wengine walisema haiwezekani kutenga wakati haitoshi kula. Lubeja akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. "Na mimi nikianguka kesho nikafa, je? Asali yangu ataila nani?"

Kapaya akamjibu akiwa ameketi, uso bado una uvimbe wa nyuki. "Mjane wako atapewa ya kulelea watoto mpaka wakue. Itakayobaki ataila atakayekawia. Na wewe ukikawia, utakula ya aliyetangulia. Nani kati yenu anajua yeye ni wa kuwahi au wa kukawia? Mimi niliapa kwamba ni wa kuwahi. Nitazameni!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza ubishi kuliko maneno ya baba yangu.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka siku ile. Misimu ya kwanza ilikuwa migumu, maana wapandaji walikuwa wanatenga ya kwao na huku wanawalisha wazee ambao hawakutenga kitu. Kuna waliochota mitungini kwa siri, wakatozwa faini ya mbuzi. Lakini wazee nao walikataa kukaa bure. Walianza kuchonga mizinga, kuyeyusha nta na kuisafisha, na kutundika mizinga ya chini waliyoizungushia miiba ili nyegere asipite. Kapaya alichonga kila siku. Watu wakagundua kwamba aliyeshuka mtini hajashuka katika kazi zote, na kibuyu cha kumtolea kikapungua uzito mabegani mwa vijana. Polepole ile nyumba ya mitungi ikajaa.

Babu Kapaya aliishi misimu mingine mingi. Mimi nilizaliwa nikamkuta, nikalamba asali kwenye kidole chake. Alipofariki, alifariki kitandani kwake, na hakuna aliyenong'ona kwamba alikula miaka ya mtu. Lubeja alikuwa mmoja wa waliombeba.

Kisha zamu ya baba yangu ikafika. Siku alipokata kamba yake nilikuwa mwanamke mzima, nimekwenda na wanangu kushuhudia. Nilimwangalia usoni nikitafuta ile hofu ya watu wa zamani, hofu ya mtu asiyejua aombe nini, kifo cha mapema au uhai mrefu. Sikuiona. Alikata kamba, akajinyoosha mgongo, akauliza kama chakula kimeiva. Baada ya hapo aliishi sana, akampita hata Kapaya kwa umri, akala asali yake bila kumwangalia mtu usoni kumsoma kama amechoka naye. Kila mwaka aliongeza mwaka, nasi tulifurahi tu.

Kwa hiyo mkiulizwa juu ni juu ya nini, semeni ni juu ya mninga, kwenye panda, mzee amefungwa kamba moja na mkwewe, shavu limevimba, anangoja miguu itulie. Hapo ndipo iliposemwa methali kwa mara ya kwanza: asali ya uzeeni hurinwa ungali juu.